Mtoto Ni Wako, Shawish

Makina, Kibra
Jioni, baada ya Magharibi

Mwanangu Mursali,

Amani ya Mungu ikutangulie kila mahali meli itakapokushusha. Umekwenda kumuaga habuba yako, nami namjua mama yangu: hatakuachilia mpaka akulishe mara mbili. Kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Isome kabla hujalala, kwa sababu kesho tutazungukwa na watu tangu dua ya asubuhi mpaka stesheni, na mbele ya watu mimi na wewe huzungumza kama mahakimu wawili wanaoogopana.

Mama yako amekwisha kukuagiza juu ya sweta, mafuta ya kifua, na barua ya kila Ijumaa. Hayo ni yake na siyagusi. Mimi nataka kusema juu ya neno moja nililolitamka leo alasiri, ambalo ulilisikia, na ambalo tangu hapo hujaniuliza.

Ulikuwepo. Wazee walijaa barazani mpaka wengine wakasimama uani. Shawish Almasi, aliyekuwa sajini pamoja na babu yako na ambaye hata leo hakuna amwitaye ila kwa cheo chake, aliketi katikati na musahafu mapajani, umefungwa kitambaa cheupe. Akasema: "Watu wa Kibra tumechanga, na mtoto anakwenda kusomea sheria kwa Waingereza wenyewe. Kesho, kabla ya garimoshi, ataapa. Hataoa huko. Hatachukua kesi ya mtu mwingine yeyote. Hatashika kazi nyingine yoyote, mpaka ardhi hii iwe na hati kwa jina letu." Wazee wakaitikia amina. Jikoni mama yako akaangusha kifuniko cha sufuria, na sidhani kilimponyoka.

Kisha Shawish akanigeukia. "Mkalimani, huyu mtoto ni wa nani?"

Nami nikajibu, "Mtoto ni wako, Shawish."

Ukainua macho ukanitazama, halafu ukayashusha kwenye viatu vyako vipya. Shawish akasema, "Basi wewe ndiwe utakayemwapisha. Una sauti ya korti." Wakacheka, kahawa ikazunguka, na jambo likawa limekwisha.

Mursali, kwetu ndivyo tunavyojibu. Mgeni akimsifu kuku, tunamwambia kuku ni wako. Akiuliza nyumba hii ya nani, tunasema ingia, ni yako. Naye mgeni mwenye malezi hujibu, "La, ni yako wewe, mimi ni mpita njia." Adabu yetu ina nusu mbili, na nusu ya pili iko kinywani mwa mgeni. Leo niliitoa nusu yangu, nikangoja ile ya Shawish. Haikuja. Na kwa mara ya pili katika maisha yangu nikabaki nimetoa kitu ambacho sikukusudia kutoa.

Mara ya kwanza ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa kijana, mkalimani mpya kortini, na nilijiona nina lugha za kutosha kumpatanisha paka na panya. Wakuu wa Serikali walikuja Kibra kuuliza habari za ardhi. Wakapiga hema kwenye uwanja wa zamani wa gwaride, wakaweka meza na viti. Wazee wakanichagua niwasemee. Babu yako alivaa medali zake zote akasimama nyuma yangu. Niliweza kuzisikia zikigongana kila alipovuta pumzi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa na habari za askari wetu wa Kinubi waliotoka Sudani wakaufyeka msitu kwa mikono yao, za vita walivyopigana, za ahadi waliyopewa walipovua sare, za makaburi. Nilikuwa nimeipanga kama anavyopanga vyombo mwenye harusi. Bwana mkubwa akaniuliza swali fupi: "Ardhi hii ni ya nani?"

Sasa ufahamu jinsi nilivyolelewa. Babu yako alinifundisha kwamba askari hana chake. Bunduki ni ya Mfalme, viatu ni vya Mfalme, hata blanketi lenye chawa ni la Mfalme. Askari aliyethubutu kusema "bunduki yangu" alizungushwa uwanjani juani mpaka atapike. Kwa mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo, kusema "ni yangu" mbele ya afisa kulikuwa kama tusi. Nikajibu kwa Kiingereza safi: "Ardhi ni ya Mfalme, na sisi ni watoto wake waaminifu." Lilikuwa jibu zuri. Wazee wetu, nilipowatafsiria, walipiga makofi. Babu yako aliniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipotahiriwa.

Bwana yule akatabasamu, akaandika, akaita jambo lililofuata.

Nilikuwa nikingoja aseme, "La, lakini ninyi mmekaa hapa miaka yote hii." Nilingoja swali la pili, kwa maana hotuba yangu yote ilikuwa katika jibu la swali la pili. Halikuulizwa. Nikasimama pale na msitu wangu, na vita vyangu, na makaburi yangu, mpaka askari wa zamu akanigusa kiwiko nipishe.

Rafiki yangu Gathogo, yule mwenye shamba kule Kawangware ambaye humletea mama yako viazi kila Krismasi yao, alikuwa amekuja kusikiliza. Tulirudi njia moja. Tulipovuka mto akasimama.

"Nubi," akasema, "umeombwa shati ukatoa na suruali!"

"Yule ni mgeni, Gathogo. Mgeni huheshimiwa."

"Mgeni gani huja na kamba ya kupimia?"

Nilikasirika, na tukaachana bila kuagana. Lakini nilipofika nyumbani nikajua ameniona nilivyo.

Tangu hapo unajua tunavyoishi, maana umezaliwa ndani ya maisha hayo ukayadhani ni hali ya dunia. Tunakaa kwa ruhusa. Kila baada ya masika nakanda udongo na kuziba nyufa zile zile, kwa sababu ukuta wa mawe umekatazwa. Uliwahi kuniuliza, ukiwa na meno ya utotoni, kwa nini nyumba yetu haikauki. Nilikudanganya kwamba udongo mbichi huleta ubaridi mzuri. Mzee akifa, watoto wake hukaa na vitu vyao nusu vimefungwa, wakingoja kuambiwa kama watabaki. Alipokufa babu yako nasi tulingoja hivyo, na aliyekwenda ofisini akatusemea, akasimama mlangoni kwa ukakamavu wa gwaride siku nzima na fimbo yake kwapani mpaka wakachoka kumtazama, ni huyu huyu Shawish Almasi. Ukumbuke hilo unapomkasirikia. Mimi hulikumbuka, na ndiyo sababu mdomo wangu hunisaliti mbele yake.

Lakini nisikudanganye upande wa pili pia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni jibu langu lililotunyima ardhi. Nililirudia njiani, kortini, hata katika sala, nikalipanga upya kwa maneno mengine. Kisha wakuu wale wakafika Kawangware. Gathogo akaulizwa swali lile lile. Naye akajibu kama alivyojiapiza: "Ni ya baba yangu, na ya baba yake, na makaburi yao ni yale pale." Wakaandika, wakamshukuru, wakavuta kamba katikati ya viazi vyake, na upande mzuri wenye maji ukaenda kwa mtu mwingine. Jioni ile alikuja hapa akakaa kwenye kigoda.

"Nilijibu vizuri, siyo?" akaniuliza.

"Vizuri sana."

"Vizuri kuliko wewe?"

"Kuliko mimi, mara mia."

Tukacheka, Mursali, tukacheka mpaka mama yako akatoka kuuliza ni nani amefiwa.

Siku ile ndipo nilipoanza kuwaza habari ya sheria. Niliona kwamba mimi na Gathogo tulikuwa tukishindana kujibu, na kumbe swali lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Nikataka mtoto wangu awe upande wa meza ambako maswali hutoka. Kwa hiyo kabla hujamlaumu Shawish, jua ni nani aliyeanza kuisuka kamba hii. Kwenye karamu ya kutahiriwa kwako, ukiwa bado unalia, nilisimama mbele ya Kibra yote nikasema, "Huyu ndiye wakili wetu." Nilipigiwa vigelegele. Hakuna aliyekuuliza, na kwa hali uliyokuwa nayo siku ile usingeweza kunijibu. Wazee hawakufanya jingine leo ila kunidai nilichowaahidi.

Nami nina jambo la kukueleza ambalo sikulisema wakati wake. Siku ile tulipokwenda kuomba kibali cha safari na bwana wa ofisi ile akauliza kwa nini sheria, kwa nini usisomee ukulima kama vijana wenye busara, niliketi kando yako nikiwa nimekunja mikono. Akakuuliza kabila. Ukasema, "Mzaliwa wa Kibra, bwana." Akasema Kibra si kabila, wewe si mwenyeji wa hapa wala si mgeni, naye hana mahali pa kukuweka. Ukajibu kwa utulivu, "Niweke utakapo, bwana, lakini niweke." Mwanangu, wewe ulikuwa ukisema Kiingereza na yeye alikuwa Mwingereza, hakukuwa na haja ya mkalimani, lakini kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka nikutafsiri! Nilitaka kulilainisha neno lako. Nilitaka kuongeza "tafadhali" mbili na "Mtukufu" moja. Ukanigusa goti chini ya meza. Akakuandika. Tulipotoka nje nilijifanya nimekasirika kwa ukosefu wa adabu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuficha furaha yangu.

Juu ya masomo yenyewe sijui mengi. Najua yale aliyonisimulia wakili wa Kihindi tuliyemtembelea, nawe ulikuwepo aliposema kwamba huko mtu hawi wakili kwa kusoma tu, bali ni lazima aketi kula chakula cha jioni katika ukumbi wa mawakili, muhula baada ya muhula, na asiyekula haitwi mbele ya mahakama hata akijua vitabu vyote. Nilipowaeleza wazee, Shawish alisema, "Kama sheria inaliwa, tungempeleka Ramadhani mpishi, angekuwa jaji." Walicheka, lakini mimi nilikuwa nikiwaza meza ile. Kutakuwa na mvinyo. Kutakuwa na nyama usiyoijua imetoka wapi. Nakujua, umelelewa na mimi: utasema umeshiba, utasema tumbo linauma, utakisogeza chakula ukingoni mwa sahani ili mwenyeji asifedheheke. Na mwenyeji atakuongezea. Usiseme umeshiba, Mursali. Sema, "Sili." Halafu nyamaza. Ukimya utakaofuata utakuwa mrefu, na maneno matano ya kuomba radhi yatataka kukuponyoka. Yameze. Mimi nimeishi zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kuweza.

Wakili yule alisema pia kwamba mwaka wake wa kwanza hakuelewa kitu. Aliwekewa mbele kesi ndefu juu ya ng'ombe aliyeuzwa akiwa mgonjwa, akaisoma usiku na mchana, akajiuliza kama kweli amevuka bahari kwa ajili ya ng'ombe wa Kiingereza ambaye amekwisha kufa. Nawe utakuwa na ng'ombe wako. Utatoka darasani umeelewa viunganishi tu. Miezi yangu ya kwanza kortini nilikuwa hivyo hivyo, na niliona haya kumwomba hakimu arudie. Nilitikisa kichwa nikakisia. Karani mmoja Mgoa, aliyekuwa na macho mabovu na masikio mazuri, akanivuta koti wakati wa mapumziko: "Kijana, haya yako italipwa na mshtakiwa." Sikulala siku ile. Kwa hiyo wenzako watakapotikisa vichwa, wewe inua mkono. Watacheka lafudhi yako, wacheke. Watakuuliza umetoka wapi, na ukiwaambia Nairobi watakuuliza wapi kabla ya hapo, na ukisema Sudani watakuuliza mbona hukuzaliwa huko. Utachoka. Ukichoka, tafuta chumba cha vitabu ukae humo. Wakili alisema kuna joto na hakuna mtu anayeuliza kitu.

Sasa nirudi kwenye kiapo, maana nimezunguka kama shahidi mwoga.

Najua unachokitaka. Uliwahi kuniambia, mwaka ule ulipokuja kuniletea chakula kortini ukabaki kusikiliza, kwamba ungependa kuwasimamia watu wa kizimbani, wale wanaohukumiwa kwa lugha isiyo yao huku wakimtazama mkalimani usoni kama ndiye aliyewatia hatiani. Nilikuona ulivyokuwa umekaa. Kiapo cha Shawish kinakukataza kazi hiyo mpaka upate hati ya ardhi, na hati hiyo, nakwambia kama mtu aliyesikia majaji wakizungumza wakivua majoho, inaweza isipatikane katika umri wako wala wa mwanao. Watakufanya wakili wa kesi moja isiyofunguliwa. Utazeeka ukiwa umevaa nguo za kuingia kortini, umesimama mlangoni.

Kwa nini basi nisisimame kesho nikasema hapana? Nimejiuliza tangu alasiri. Nauli yako imetoka kwa watu ambao baadhi yao wameuza mbuzi wa akika ya wajukuu zao. Nyumba hii inasimama kwa neno la Shawish. Nikikataa, kesho kutwa mama yako atakwenda kuteka maji na hakuna atakayemsogezea ndoo. Na juu ya hayo yote, mwanangu, mimi mwenyewe naitaka ardhi hii. Naitaka mpaka nina njaa nayo. Nataka kujenga ukuta mmoja tu wa mawe kabla sijafa, nikaegemeze mgongo. Kila nikifungua kinywa kukutetea, ndani yangu kuna mzee mwingine anayeitikia amina pamoja nao. Sijui kutoka katika jambo hili. Mlango ninaouona unapita juu yako.

Baada ya wazee kuondoka nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyekufundisha Kurani.

"Kafara ya kiapo kilichovunjwa ni nini?" nikamuuliza.

"Kulisha maskini kumi. Umevunja kiapo gani?"

"Hakijavunjwa."

"Kimeapwa lini?"

"Bado."

Akavua miwani. "Hujaapa, hujavunja, na unauliza kafara? Wewe kweli ni mtu wa korti."

Nikamweleza. Akaifuta miwani kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba wako wanazuoni walioruhusu mtu aliyekwisha kuapa kutanguliza chakula kabla ya kuvunja, na kwamba baba aweza kutoa kwa niaba ya mwanawe, kwa sharti moja: mwenye kiapo aridhie. Akaongeza kwamba mchezo si mzuri na viapo, na kwamba angekuwa na mtoto angefanya vivyo hivyo.

Basi sikiliza. Kesho nitasimama na musahafu, nawe utaapa, na yarudie maneno yangu kwa sauti kubwa, kwa kuwa sikio la kushoto la Shawish limekufa na akihisi unanong'ona atatuambia tuanze upya. Dua ikiisha, kabla hatujakusindikiza stesheni, maskini kumi watakula barazani petu. Watu watasema ni sadaka ya safari. Shawish mwenyewe atasifu. Ukikitimiza kiapo siku moja, itakuwa ilikuwa sadaka kweli, nami nitauegemea ukuta wangu nikikuombea. Na ukikuta huko, katika vitabu au kizimbani mwa watu, kwamba kazi yako ni nyingine, basi shika kazi hiyo. Deni lako kwa Mungu litakuwa limekwisha kulipwa kabla hujaondoka. Deni langu kwa wazee ni langu, na nitakaa nalo hapa. Wala usiniandikie ni lipi umechagua mpaka nikuulize. Na nikikuuliza kwa adabu nyingi mno, usinijibu.

Limebaki lile sharti la mwalimu, yaani ridhaa yako, na hatuna faragha ya kuizungumza. Mama yako ataanza kupika alfajiri. Hajui kitu, nimemwambia tu kwamba kutakuwa na wageni. Ukiridhia, pita jikoni umwambie aongeze mchele. Nitakuwa nimekaa mlangoni, nasikiliza.

Baba yako